Baba katuachia pori ekari 180 na trekta, kifaa gani ninunue kwanza?

SWALI

Shikamoo mshauri, mbukwa.

Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Dodoma mjini ila shamba letu liko Kongwa, ukishuka Kibaigwa unaingia ndani kama saa nzima kwa bodaboda. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia mimi na mdogo wangu wa kiume ekari 180. Kama 30 hivi ndo zimefunguliwa tunalima alizeti na mtama, zilizobaki zote ni pori, migunga, mitundulu imefungamana hata mbuzi anapita kwa shida, mibuyu 11 (nimeihesabu mwenyewe), na kule kilimani kuna mininga michache ambayo baba alikuwa hataki mtu aiguse hata tawi. Na mizinga ya nyuki, alikuwa anaitundika mwenyewe tangu sisi wadogo.

Trekta tunayo, Massey 375 ya hp 75, inavuta kwa tairi za nyuma tu, ina plau ya diski tatu na tela ya zamani, basi.

Matatizo yangu ni haya. Septemba iliyopita moto ulitoka upande wa jirani ukaingia kwetu, ulikula kama ekari 40 na mizinga 9, tulisimama tunaangalia tu maana hakuna hata njia ya kuuzuia. Barabara ya kuingia ndani mvua zikianza ndo basi tena mpaka mwezi wa tano, imeanza kuchimbika katikati. Na huo mtundulu kila mwaka unasogea, sehemu ya malisho inaisha tunaona.

Sasa nina milioni 15 nimeziweka kwa ajili ya vifaa vya trekta na kila mtu ana lake. Muuzaji mmoja wa mjini anasema nichukue malcha, ile mashine inayosaga miti inakuwa kama pumba, anataka nilipe nusu nyingine kidogokidogo. Fundi wetu anasema hapana, funga kijiko cha mbele chenye makucha ya kubebea magogo. Mwingine anasema ongeza haro inatosha. Mdogo wangu yeye anasema tusinunue chochote, tukodi tingatinga tung'oe pori lote tupande alizeti, tumeshagombana mara mbili mbele ya mama.

Kingine ambacho kinaniogopesha, wiki mbili zilizopita dereva alikuwa anang'oa kisiki cha mgunga, akafunga mnyororo pale juu nyuma ya trekta panapofungwa toplinki, kile chuma cha juu kinachoshika kifaa, alivyovuta nikaona tairi za mbele zinanyanyuka, yaani mwanga unapita chini yake. Akaachia, zikarudi chini kwa kishindo. Yeye anasema ni kawaida. Ni kawaida kweli?

Naomba unisaidie mzee wangu, sitaki kupoteza hela ya mwisho na sitaki kuharibu kitu ambacho baba alikilinda miaka yote.

Mama wa Kongwa

JIBU

Marahaba binti yangu, mbukwa. Pole sana kwa msiba wa mzee, na pole kwa hiyo mizinga 9, najua mzinga uliokaliwa miaka hauurudishi kwa kununua mbao.

Naanza na mnyororo maana hilo haliwezi kusubiri. Si kawaida, na leo hii mpigie simu dereva mwambie asirudie. Trekta ikivuta kutoka pale juu, alafu kisiki kikagoma, tairi za nyuma zinashindwa kwenda mbele, basi mwili wa trekta ndo unaanza kuzunguka kuifuata ekseli, pua inapanda, inapanda, mpaka inalala chali na dereva yuko chini. Inachukua kama sekunde moja na nusu hivi, mtu hawahi hata kukanyaga klachi. Ulichokiona wewe, ule mwanga chini ya tairi, ndo nusu ya safari yenyewe. Kitu chochote cha kuvuta kinafungwa chini, kwenye kile chuma cha kuvutia tela, basi. Na visiki msing'oe kwa trekta kabisa, nitakwambia vya kufanya. Alafu angalia kama Massey yenu ina fremu ya chuma ya kumkinga dereva ikipinduka, kama haina hiyo ndo manunuzi ya kwanza kabla ya kifaa chochote, na iwe iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta, isiwe bomba la geti limechomelewa mtaani. Kwa sababu mnafanya kazi chini ya miti, iwekewe na paa la chuma juu, tawi kavu la mgunga likidondoka halichagui.

Sasa vifaa. Mi nikisoma barua yako naona shida tatu, moto, barabara na mtundulu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kung'oa pori, na hakuna hata moja inayohitaji mashine ya kusaga miti. Watu wengi wananunua kifaa kwa kuangalia kinavyofanya kazi kwenye video, we anza kwa kutembea. Chukua siku mbili, zunguka mpaka wote kwa miguu na mdogo wako, mkiwa na kamba na vitambaa, muone moto unaingilia wapi, maji yanapita wapi, mtundulu una unene gani. Unene wa mti ndo unachagua chuma, si muuzaji.

Malcha achana nayo. Malcha ya kusaga miti ya kweli inataka nguvu kubwa kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozunguka, mara nyingi trekta za kuanzia hp 90 au 100 huko, na inataka gia za kutambaa taratibu sana. Hp 75 yenu itakuwa inalia siku nzima, na deni linakusubiri nyumbani. Kijiko cha mbele chenye makucha ni kitu kizuri sana msituni, sikatai, ila kwenye trekta inayovuta nyuma tu ukibeba gogo mbele uzito wote unahamia kwenye ekseli ya mbele ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi zinateleza, breki nazo ziko nyuma hukohuko, na kwenye kilima chenu hiyo ni hatari. Ukija kununua trekta inayovuta tairi zote nne utaniandikia tena. Haro, ile ya diski nyingi ya kuvunjavunja udongo, usinunue, kodi. Kibaigwa na vijiji vyake haro zimejaa, msimu wa kulima ukipita zimelala tu, mtu anakuja na yake anapiga njia ya moto siku moja anaondoka. Haro ni nzuri kwa njia ya moto kuliko hiyo plau yenu, maana inakwangua juujuu na kwa upana zaidi, plau ya diski tatu inageuza udongo kwa kina na kwa ukanda mwembamba.

Cha kununua kwanza ni slesha ya trekta, ile ya kufyekea inayofungwa nyuma, lakini iwe ya kazi nzito. Hapa nitakaa kidogo maana ndo hela nyingi zinapotelea. Zipo slesha nyepesi za kufyeka nyasi za viwanjani, hizo zinakata kijiti cha unene wa kidole gumba tu. Unataka ambayo mtengenezaji kaandika inakata mti wa sentimita 5 mpaka 7, upana wake mita 1.8 inatosha hp 75, usidanganywe uchukue pana zaidi ukadhani utamaliza haraka, katikati ya miti pana haipiti. Igeuze uangalie chini. Visu viwe vinacheza kwenye pini, vikigonga jiwe vinarudi nyuma vyenyewe, na katikati kuwe na sahani ya chuma ya mviringo imekaa kama sufuria iliyopinduliwa, hiyo ndo inateleza juu ya kisiki ili gia boksi isigonge. Mbele na nyuma kuwe na minyororo inayoning'inia kuzuia mawe. Hata ikiwa nayo, mtu asisimame karibu, slesha inaweza kurusha jiwe mita 90 na zaidi, kwahiyo watoto na wachunga mbuzi wawe mbali kabisa siku ya kazi.

Nenda dukani na futi kamba. Trekta ya ukubwa wa Massey 375 mikono ya nyuma inachukua pini za kundi la pili, yaani pini za chini milimita 28 na ya toplinki milimita 25, kuna slesha zinakuja na pini ndogo za milimita 22 mtu anaweka bushi anakwambia ni sawa, zinacheza zinakula matundu. Na shafti ya PTO ipimwe kwenye trekta yenyewe, mikono ikiwa juu na ikiwa chini, ikiwa ndefu unaikata, usipoikata siku unanyanyua slesha inasukuma ndani inaharibu gia boksi au PTO yenyewe. Ile gadi ya plastiki inayoifunika shafti isitolewe kamwe. PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, hiyo ni mara tisa kwa sekunde moja, kanga au ncha ya koti ikishikwa hakuna wa kuivuta irudi.

Na boliti. Mwaka mmoja nilikuwa nafyeka njia ya moto upande wa Bahi, nyasi zimefika kifuani, nikasikia mlio mmoja mkavu kama risasi, slesha ikanyamaza huku shafti inazunguka peke yake. Nikazima injini nikasubiri kila kitu kisimame, nikashuka nikainama. Kisiki cha mgunga upana wa kiganja changu, kimekatwa zamani na mtu wa mkaa, nyasi zimekifunika chote. Na ile boliti ya shafti imekatika katikati laini kabisa, kama muwa uliopigwa panga mara moja. Nilitoa vipande viwili nikaweka nyingine kutoka mfukoni, dakika kumi nikaendelea. Ile boliti imewekwa laini makusudi, ife yenyewe gia boksi ipone. Jirani yangu wa kule alichoka kubadilisha, fundi wake akamwekea boliti ngumu ya lori. Haikupita wiki, kisiki kingine, boliti ikasimama imara na gia boksi ikapasuka, mafuta yote chini. Kwahiyo nunua boliti zilezile zilizoandikwa kwenye kitabu cha slesha, nunua ishirini, ziwe kwenye kikopo chini ya kiti cha dereva.

Kitu kimoja slesha inaharibu ambacho hawakwambii ni tairi. Inaacha vijiti vimechongoka kama mikuki, na ukijumlisha na miiba ya migunga tairi ya nyuma inaweza kwisha kwa mwezi. Wazee wa kazi hii wanatuma vijana wawili mbele na mapanga na chenso, shina lolote nene kuliko kifundo cha mkono linakatwa bapa chini usawa wa ardhi kwanza, alafu trekta inapita. Hapo pia ndo visiki vilivyojificha vinaonekana vinawekewa kitambaa. Na chini ya trekta fundi akuchomelee sahani ya chuma kulinda tumbo na mipira ya haidroliki, na wavu mbele ya rejeta.

Mtundulu wenyewe nikuambie ukweli, ukiufyeka mara moja unakuwa umeukasirisha, unachipua kutoka kwenye mizizi unarudi kichaka zaidi. Kuna sehemu wanauita mkulagembe, yaani unakula jembe, jina halikutoka bure. Unafyekwa mwaka huu, mvua zikianza unachipua, unaingiza mbuzi wanakula machipukizi yale laini, unafyeka tena mwaka unaofuata, hivyohivyo miaka mitatu minne mpaka unachoka. Fanya ekari 15 kwa awamu, usianze zote.

Njia ya moto sasa. Ekari 180 ni kama hekta 73, shamba lenu likiwa na umbo la mraba mzunguko wake ni kama kilomita 3 na nusu. Ukitaka upana wa mita 6 slesha inapita mara nne, jumla kilomita 14, kwa mwendo wa kilomita 3 au 4 kwa saa ni kazi ya siku moja, tuseme siku mbili na visiki. Siku mbili tu mama, na ile Septemba mlisimama mnaangalia. Fanya mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa zimeanza kukauka ila moto haujaanza, kisha haro ya kukodi ipite juu yake ibaki udongo mtupu. Upande wa jirani ambako moto ulitokea panua iwe mita 10, na nenda kwake mkakubaliane naye afyeke wa kwake pia.

Kifaa cha pili ni bledi ya nyuma, ile ya kusawazisha, inayoweza kugeuzwa pembe. Hii ndo barabara yenu. Ila kuchimbika katikati kunasababishwa na maji kukosa pa kutokea, kwahiyo ukikwangua tu barabara ikawa kama sahani umejichimbia korongo. Inuka katikati, pembeni chini, na kila inaposhuka weka tuta la mshazari la kuyatoa maji yaende porini. Kondoa serikali ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973 kwa ajili ya makorongo, na hali ilikuwa mbaya mpaka mwaka 1979 mifugo ikaondolewa eneo lililoharibika zaidi. Korongo likishaanza linadai miaka. Piga bledi mvua za mwisho zikikatika, Aprili au Mei mwanzoni, udongo ukiwa na unyevu kidogo, mwezi wa tisa bledi itakuwa inakwaruza tofali.

Magogo usihangaike na makucha. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukutengenezea bomba zito la kufunga kwenye mikono miwili ya nyuma, lenye nafasi za kushika mnyororo, unafunga gogo upande mmoja unalinyanyua kidogo tu, sentimita 20 au 30, linaburuzwa mkia. Likiwa halijanyanyuliwa linalima ardhi na kujikita kwenye mizizi, likinyanyuliwa sana unarudi kwenye hatari ya mwanzo. Visiki vilivyoko kwenye mstari wa barabara tu ndo vitolewe, kodi kijiko kikubwa cha kuchimbia siku moja, viorodheshe kwanza visizidi kazi ya siku. Vilivyobaki viacheni. Huku kwetu sasa hivi watu wengi wanafanya kisiki hai, kisiki cha mti mzuri kinachochipua unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unapunguza, unafunga kitambaa, miaka michache una mti bila kupanda mbegu. Zile ekari 40 zilizoungua zimejaa visiki vya namna hiyo, dereva wa slesha asiingie huko kabla hamjavifunga vitambaa.

Mdogo wako mwambie hili kwa upole, wala si kwa kumshinda. Hapohapo Kongwa mwaka 1947 Waingereza walikuja kung'oa pori walime karanga. Walikuwa na matingatinga, walikuwa na matrekta yaliyotengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita vya Sherman, walifika mpaka kuburuta mnyororo wa nanga ya meli katikati ya mashine mbili pori linalala. Juu kulisafishika. Chini mizizi ilibaki imesukana inakunja vyuma, na udongo ule ulisaga majembe, mvua ikikatika ukawa mgumu haupenyeki. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Ni udongo huohuo mlionao. Mpe yeye zile ekari 30 zilizofunguliwa azisimamie kwa alizeti kama kazi yake, azilime vizuri aweke samadi, atavuna zaidi kuliko ekari 100 za visiki. Nadhani anachotaka ni kitu cha kukiita chake, na hilo si kosa.

Mininga msiiguse bila kwenda ofisi ya misitu ya wilaya, hata kama iko kwenye ardhi yenu, ukaulize kibali na ukiandikiwe. Na mizinga, nyuki hawapendi mtetemo wala kelele ya injini, weka mduara wa mita 50 kila mti wenye mzinga ambao trekta haiingii, hapo ni panga na mikono, asubuhi na mapema kukiwa na baridi.

Hizo milioni 15 usizimalize kwenye vyuma viwili. Ukishanunua fremu ya kinga kama haipo, slesha na bledi, bakiza angalau theluthi kwa ajili ya tairi, boliti, visu vya akiba, grisi, na siku za kukodi. Slesha iliyotumika si mbaya kama gia boksi haivuji na ukiishika shafti kwa mkono haichezi juu chini.

Jumamosi nendeni wawili na vitambaa vya rangi mbili, vyekundu kwa miti isiyoguswa na vyeupe kwa visiki vya kukwepa. Muanzie kwenye mibuyu 11, umwachie yeye afunge, wewe uandike.